Kusafisha wadudu kwenye kioo cha helmeti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu wa mvua, kijiweni na gereji. Yanaanza na ya kawaida na kuishia na yale ya nadra. Jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Wadudu waliogandia kioo hutolewaje bila kukiharibu?

Kwa maji na subira. Lowesha kitambaa laini kwa maji safi, usikikamue sana, kisha kitandaze juu ya kioo kilichofungwa. Kiache dakika 10 hadi 15. Kama jua ni kali, sogea kivulini na uongeze maji kabla kitambaa hakijakauka. Utakapokiondoa, sehemu kubwa ya uchafu itatoka nacho. Kilichobaki kipitishie maji yenye tone la sabuni ya vyombo kwa ncha za vidole, bila kukandamiza. Suuza kwa maji mengi, halafu kausha kwa kugusagusa na kitambaa kingine kikavu.

Hatua ya kuloweka ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu kila mtu ana haraka. Ukikitazama kioo kilichopauka dhidi ya mwanga, mara nyingi utakuta mistari ya mviringo: hiyo ni alama ya mtu aliyesugua kikavu.

Kama kioo chako kinatoka kwenye helmeti kwa urahisi, kitoe. Unakifikia vizuri zaidi, na maji hayaingii kwenye sponji la ndani.

2. Kwa nini wadudu hung'ang'ania hivyo?

Majimaji ya ndani ya mdudu yana protini nyingi. Mdudu akipasuka kwenye kioo ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, majimaji hayo hutandazika yakawa utando mwembamba, na upepo pamoja na jua huukausha ndani ya dakika chache. Humo hubaki pia vipande vya gamba, mabawa na miguu, ambavyo ni vigumu na vina ncha.

Utando huo hulainika tena ukikutana na maji, lakini si papo hapo. Ndiyo maana dakika 10 za kuloweka hufanya kazi ambayo nguvu za mkono haziwezi. Ukiuacha siku kadhaa juani, hushika zaidi (tazama swali la 18).

3. Plastiki ngumu hivi inakwaruzwaje na kitambaa?

Vioo vingi vya helmeti ni vya polikaboneti. Plastiki hiyo inastahimili kugongwa kuliko plastiki nyingine nyingi, lakini uso wake ni laini, hivyo watengenezaji huupaka utando mwembamba wa kuzuia mikwaruzo. Vioo vya bei ya chini sana wakati mwingine hata utando huo havina.

Kinachokwaruza hasa ni vumbi lililo chini ya kitambaa. Barabara zetu zina mchanga, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko plastiki. Ukifuta kioo kikavu chenye vumbi, unazikokota chembe hizo juu yake, pamoja na magamba ya wadudu. Kwa hiyo mwagia maji kwanza, hata kama unaona mdudu mmoja tu.

4. Nitumie maji ya moto yatoe haraka?

Hapana, vuguvugu yanatosha. Maji ya moto sana huigandisha protini kama ute wa yai kwenye sufuria, na badala ya kulainika inazidi kushika. Maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa mchana huwa tayari yana joto la kutosha.

5. Sabuni ipi inafaa?

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja kwenye kikombe cha maji. Shampuu ya watoto inafaa pia. Sabuni ya mche si mbaya, ila ikikutana na maji ya chumvi huacha utando mweupe ambao nao utahitaji kuondolewa.

Sabuni ya unga iache kwa ajili ya nguo. Chembe ambazo hazijayeyuka hukwaruza, na zile zenye magadi makali si rafiki wa utando wa kioo.

6. Na kitambaa?

Kitambaa cha maikrofaiba ndicho bora, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari au kinachokuja na miwani. Kifue peke yake, na usitumie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu huacha mafuta kwenye nyuzi. Usipokipata, fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi inatosha. Kanga kuukuu pia.

Visivyofaa: tishu kavu, gazeti, dodoki, upande wa kijani wa sponji la vyombo, steliwaya, mkono wa jaketi. Na kile kitambaa cha kufutia mnyororo, hata kama kimefuliwa. Grisi haitoki yote.

## Dawa za mtaani

7. Kijiweni wanatumia petroli, na inatoa kweli. Kuna ubaya gani?

Inatoa, hakuna ubishi. Ubaya hauonekani siku ile ile. Petroli, thina na asetoni huingia kwenye polikaboneti na kuidhoofisha, hasa pale plastiki ilipokunjwa au kubanwa, yaani kwenye skrubu za pembeni na kwenye mkunjo wa kioo. Baada ya muda hutokea nyufa ndogo ndogo kama nywele. Kioo chenye nyufa hizo hakina tena ule uwezo wa kuzuia jiwe lililorushwa na lori, na jiwe la lori ndiyo sababu kubwa ya kuwa na kioo.

Mafuta ya taa huacha pia utando wa mafuta unaokusanya vumbi. Asubuhi unasafisha, mchana kioo ni kichafu kuliko kabla.

Hata ganda la nje la helmeti, kama ni la plastiki, lisiguswe na vitu hivi. Wanaobandua stika kwa petroli wanajiumiza bila kujua.

8. Ile dawa ya bluu ya kusafishia madirisha je?

Soma chupa. Kama ina amonia, weka kando. Amonia ni nzuri kwa kioo halisi cha dirisha, lakini hushambulia polikaboneti na kula utando wa kuzuia ukungu ulio upande wa ndani.

9. Dawa ya meno?

Dawa ya meno ina unga wa kusugua. Ndivyo inavyosafisha meno. Kwenye kioo cha helmeti unga huo unakwangua utando mgumu. Kioo kitaonekana kinang'aa mchana, halafu usiku kila taa itakuwa na ukungu wa mwanga kuizunguka.

Wengi waliijaribu kwenye taa za gari zilizopauka na ikasaidia. Taa ya gari huangazia barabara tu, hakuna anayetazama kupitia kwake.

10. Spiriti au sanitaiza ya mikono?

Mimi situmii. Polikaboneti yenyewe inaweza kuvumilia spiriti kidogo, lakini utando wa ndani wa kuzuia ukungu mara nyingi hauvumilii, na watengenezaji wengi wa helmeti hukataza. Zaidi ya hayo, ukinunua helmeti ya bei rahisi huna uhakika kioo chake ni plastiki gani. Kipo cha akriliki, nacho hupasuka nyufa kwa spiriti.

Kama shida yako ni harufu na usafi kwa sababu helmeti inavaliwa na abiria tofauti, osha sponji la ndani kwa sabuni. Kioo hakihusiki.

11. Polishi ya fanicha, dawa ya dashibodi, mafuta ya kupulizia ya kulegeza nati?

Vyote huacha mafuta. Kioo kinang'aa dukani, lakini ukikutana na taa za lori usiku, au mvua ikianza, mafuta hayo hutawanya mwanga na huoni kitu. Mafuta ya kulegeza nati yana pia viyeyushi vya jamii ya mafuta ya petroli, kwa hiyo rudi swali la 7.

## Barabarani

12. Nikiwa safarini, mbali na bomba, nifanyeje?

Beba vitu viwili: chupa ndogo ya kupulizia yenye maji (hata ile ya saluni) na kitambaa cha maikrofaiba ndani ya mfuko wa nailoni ili kisishike vumbi. Haviongezi uzito wowote. Simama mahali salama, pulizia, subiri, pulizia tena, kisha pitisha kitambaa mara moja kutoka juu kwenda chini. Geuza kitambaa kila unapopitisha.

Tishu za maji za watoto zinasaidia ukizitumia kama kitambaa cha kulowekea: itandaze, iache, iondoe. Usiisugulie. Baadhi zina losheni inayoacha michirizi, kwa hiyo malizia na maji ya kunywa.

Kwenye vituo vya mafuta kuna ndoo yenye brashi ya vioo vya magari. Iache hapo hapo. Ndoo ile imeshakusanya mchanga wa magari yote yaliyopita tangu asubuhi.

Panga pia mahali pa kusimama. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa, kwa mfano, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na pale si mahali pa kushuka kwenye pikipiki kwa ajili ya dakika kumi za kitambaa na maji. Safisha kioo ukiwa Morogoro, uvuke hifadhi ukiwa unaona vizuri. Mle ndani unahitaji kumwona nyati kabla hujamfikia.

13. Naweza kufuta kwa glovu huku naendesha?

Hapana. Kwanza unaondoa mkono kwenye usukani. Pili, glovu ina vumbi la barabara nzima. Tatu, mdudu mbichi akipanguswa hivyo anageuka kuwa utando mweupe mbele ya macho yote mawili, wakati kabla yake alikuwa doa moja unaloweza kulikwepa kwa kusogeza kichwa.

14. Kumbikumbi wakati wa mvua ni balaa. Kuna namna?

Kumbikumbi hutoka kwa wingi baada ya mvua, na jioni hufuata mwanga, ikiwemo taa yako ya mbele. Wana mafuta mengi mwilini, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuwakaanga. Mafuta hayo ndiyo yanayobaki kwenye kioo, kwa hiyo maji matupu hayatoshi: hapa sabuni ni ya lazima. Mabawa yao hunata kwenye kioo chenye maji, lakini hayo hutoka yenyewe ukimwagia maji.

Ukiingia kwenye kundi lao, punguza mwendo, funga kioo hadi chini na uzibe matundu ya hewa ya helmeti. Kishawishi ni kukifungua ili uone vizuri. Usifungue: kumbikumbi mmoja jichoni anatosha kukutoa barabarani. Kama huoni kabisa, washa taa za pembeni, toka barabarani, simama.

15. Na wale wadudu wadogo wa ziwani?

Wakazi wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe wanawajua: wingu linaloinuka juu ya Ziwa Victoria mithili ya moshi na kushuka nchi kavu. Ni laini, hawana gamba la kutisha, na maji pekee huwatoa wakiwa bado wabichi. Kosa la kawaida ni kuwafuta wakiwa wakavu nusu. Wanakuwa uji wa kijivu. Mwagia maji mengi kutoka juu, acha yashuke nao.

Hakikisha unasuuza pia ukingo wa mpira ambapo kioo hukutana na helmeti. Hujilundika hapo, huoza, na utaisikia harufu siku inayofuata.

16. Kuna mdudu wa kuogopa wakati wa kusafisha?

Yupo mmoja: mbawakawa mdogo mwembamba, mweusi na mwekundu kwa kupishana pete, mrefu chini ya sentimita moja au karibu nayo. Kenya wengi humwita Nairobi fly. Haumi wala hachomi. Sumu yake, iitwayo pederini, iko kwenye majimaji ya mwili, na hutoka akipondwa. Ngozi iliyoguswa huanza kuwaka na kutoa malengelenge kwa kawaida baada ya saa kadhaa au siku moja, ndiyo maana wengi hawakumbuki walimgusa wapi. Huongezeka sana mvua zikizidi; wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998 aliwasumbua watu wengi Kenya. Naye hufuata mwanga usiku.

Mwendesha pikipiki yuko hatarini kwa njia ya ajabu kidogo: mdudu amepondeka kwenye kioo, wewe unamfuta kwa kidole, kisha unajifuta jasho jichoni. Jicho huvimba vibaya. Ukiona mabaki mekundu na meusi, mtoe kwa maji na kitambaa, usitumie kidole kitupu. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na ufue kitambaa hicho. Sumu ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi na uende kituo cha afya. Usingoje kuona kama itapoa.

## Upande wa ndani, ukungu na vioo vya rangi

17. Upande wa ndani nao husafishwa vivyo hivyo?

Kwa upole zaidi, na mara chache zaidi. Upande huo mara nyingi una utando wa kuzuia ukungu ambao ni laini kuliko utando wa nje. Maji vuguvugu, tone la sabuni, suuza, kisha acha ukauke wenyewe kivulini. Usianike kioo juani kwa saa nyingi. Miale ya jua huifanya plastiki iwe ya njano taratibu.

Kama helmeti yako ina kile kioo cha pili cha Pinlock kinachobanwa na pini mbili, jihadhari zaidi. Kipande hicho hufyonza unyevu ndiyo maana hakishiki ukungu, na kikiwa kimelowa uso wake hulegea na kukwaruzika kwa urahisi. Kitoe, kioshe kwa maji na sabuni laini, kitikise maji, kiache kikauke bila kukifuta. Unapokirudisha, ule mstari wa silikoni unaokizunguka ushike kioo kikuu pande zote. Ukiacha pengo, mvuke utaingia katikati na hutaweza kuufuta.

Vioo vyeusi husafishwa kama vingine. Vile vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia vina utando wa rangi nje ambao hutoka vipande vipande ukiusugua, kwa hiyo ni maji tu na mikono miepesi. Na kwa kuwa swali hili huambatana na lile la kuvaa kioo cheusi usiku: kwa kanuni za Ulaya za helmeti, kioo kinachopitisha chini ya asilimia 80 ya mwanga huwekewa alama ya matumizi ya mchana tu. Kioo cheusi usiku, hata kiwe safi namna gani, kinakunyima kuona mtembea kwa miguu.

## Hali ngumu

18. Wadudu wamekaa wiki nzima juani. Nimeloweka, hawatoki.

Loweka tena. Toa kioo, kifunike kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni, kizungushie mfuko wa nailoni ili kisikauke, na ukiache usiku kucha. Asubuhi watatoka. Madoa ya pembeni, karibu na skrubu, yapitie kwa mswaki laini uliolowa, lakini mswaki usifike sehemu unayotazamia. Kucha, kisu na kadi ya simu visihusike.

19. Nimeosha vizuri lakini kimebaki na madoa meupe.

Hayo si wadudu, ni chumvi na chokaa ya maji. Wanaotumia maji ya visima, Dodoma kwa mfano, wanayajua hata kwenye birika. Malizia kusuuza kwa maji ya mvua au ya kunywa, na ukaushe kwa kugusagusa kabla matone hayajakauka yenyewe. Kama yameshaganda, changanya siki kidogo na maji mengi, paka upande wa nje tu, subiri dakika chache, suuza vizuri.

Wa pwani wana jambo la ziada: chumvi ya bahari inayopeperushwa na upepo. Kabla ya kugusa kioo, imwagie maji kwanza iyeyuke.

20. Kuna kitu cha kupaka ili wadudu wasishike?

Vipo vya nta vilivyoandikwa kuwa ni salama kwa polikaboneti, na husaidia kiasi: wadudu bado hugonga, ila hutoka kwa urahisi. Zile dawa za kukimbiza maji zilizotengenezwa kwa kioo cha mbele cha gari ni kitu kingine, nyingi zina kemikali zisizofaa plastiki. Kwa mtu wa bodaboda anayezunguka mjini sioni haja ya kununua chochote. Kwa anayekwenda Arusha hadi Nairobi kila wiki, labda.

21. Mikwaruzo iliyokwisha kuingia huondolewa?

Haiondolewi kwa namna ya kuaminika. Kuipolishi ni kuondoa utando mgumu uliobaki, na kioo kitakwaruzika haraka zaidi kuliko kabla. Kipime usiku: simama pembeni, tazama taa za magari yanayokuja. Kama kila taa inatoa miale kama nyota hata baada ya kuosha, kioo kimekwisha.

Unaponunua kingine, nenda na helmeti dukani. Vioo havibadilishani ovyo hata kwa kampuni moja; kila modeli ina mashimo na mkunjo wake, na vioo vingi vina namba iliyochapwa pembeni unayoweza kuilinganisha. Kijaribu kukifungua na kukifunga mara kadhaa, uone kama kinakaa chini bila kuacha upenyo kwenye mpira. Kuna helmeti za bei rahisi ambazo vioo vyake haviuzwi peke yake kabisa, na fundi atakushawishi akukatie kingine kwa msumeno. Kataa. Kwa helmeti ya namna hiyo, kioo kikiisha, nunua helmeti nyingine, na safari hii muulize muuzaji kuhusu spea kabla ya kulipa.